Kutoa Rangi ya Zamani kwenye Faiba ya Gari: Jua pa Kuishia

Rangi ya kanopi ikianza kubanduka pembeni, kutoa malengelenge au kupasuka nyufa nyembamba, kupaka nyingine juu yake ni kutupa pesa. Rangi mpya hushika kile ilichokikuta chini. Kilicho chini kikiachia, vyote viwili vinaondoka pamoja, na unarudi gereji kulipa mara ya pili.

Kwenye bati, kazi ya kutoa rangi inajulikana na kila fundi: anapaka dawa, anakwangua, anamalizia na grenda. Faiba haivumilii hayo. Kanopi ya pikapu, spoila, bampa ya kuongezea au boneti ya faiba inaweza kupona ajali ndogo, kisha ikaharibiwa na siku moja ya kutolewa rangi kwa papara.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuifanya kazi mwenyewe uani kwako, na wewe unayempelekea fundi lakini unataka kujua anachokifanya. Jambo kubwa la kushika ni hili: unatoa rangi, na ukifika kwenye gelkoti unaishia hapo.

KWANZA, ELEWA FAIBA ILIVYOJENGWA

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, mara nyingi ya poliesta, kisha zikagandishwa kwa hadina. Mtengenezaji huanza kwa kupaka gelkoti ndani ya kalibu. Gelkoti ni rezini isiyo na nyuzi, iliyotiwa rangi. Juu yake hupanga mikeka ya nyuzi na kuilowesha rezini, tabaka baada ya tabaka. Kipande kikitolewa kwenye kalibu, gelkoti ndiyo inakuwa uso wa nje.

Uso huo ni mwembamba. Kwa kawaida unene wake ni kama nusu milimita, sawa na karatasi tano za daftari zikibanwa pamoja. Juu yake ndipo inapokuja rangi ya gari: praima, rangi yenyewe, na klia.

Gelkoti ina kazi mbili. Inampa fundi rangi uso laini wa kufanyia kazi, na inazuia maji yasifike kwenye nyuzi. Ukiitoboa, maji yanapata njia ya kupenya kandokando ya nyuzi hadi ndani. Rangi mpya itapakwa na itang'aa vizuri siku ya kwanza. Baadaye, jua likiwaka juu ya unyevu uliojificha, malengelenge yanaanza. Alama za nyuzi nazo hujitokeza juu ya rangi, na hakuna klia ya kuzificha.

Ndiyo maana vitu vinne vifuatavyo visiguse faiba yako.

> VITU VINNE VYA KUEPUKA
>
> 1. Dawa ya kutolea rangi kwenye bati. Dawa nyingi kali za aina hii zina methilini kloraidi, kemikali inayolainisha rangi na kulainisha rezini vilevile. Hupenya kwenye vinyweleo na nyufa za faiba, ikabaki humo, kisha ikaisukuma rangi mpya kutoka ndani. Mvuke wake pia unaua: mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida dawa za kutolea rangi zenye kemikali hiyo, baada ya vifo vya watu walioitumia mahali pasipo na hewa ya kutosha.
>
> 2. Moto na bunduki ya hewa moto. Rezini nyingi za poliesta huanza kulegea kabla ya joto kufika nyuzi 100 za Selsiasi. Bunduki ya hewa moto hupita nyuzi 500. Kipande kinapinda, tabaka zinaachana, na moshi wake ni sumu.
>
> 3. Kupuliza mchanga. Chembe za mchanga hula gelkoti kabla hujatambua kwamba rangi imeisha, na huacha uso wenye mashimo na nyuzi zilizosimama.
>
> 4. Grenda. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Nusu milimita ya gelkoti haina muda mbele yake.

HAKIKISHA NI FAIBA KWELI

Bampa nyingi za kiwandani ni plastiki, na plastiki ina taratibu zake. Kagua hivi:

1. Geuza kipande uangalie nyuma. Faiba iliyotengenezwa kwa mkono huwa na mgongo unaokwaruza, na nyuzi zinaonekana zimelala ovyo ndani ya rezini. Faiba ya kugandamizwa kwa mashine huweza kuwa laini pande zote mbili.
2. Tafuta maandishi nyuma. Ukiona alama kama >PP< au >ABS<, hiyo ni plastiki.
3. Piga msasa kidogo mahali palipofichika. Faiba hutoa vumbi kavu. Plastiki laini hutoa vinyuzi vinavyojiviringisha.
4. Sumaku ikitumika, iwe ya kusaidia tu. Haishiki faiba, lakini haishiki pia bati lililofunikwa na puti nene.

JE, NI LAZIMA UTOE RANGI YOTE?

Mara nyingi si lazima, na kila msasa usiopigwa ni gelkoti iliyookolewa. Ili kujua, pima namna rangi ilivyoshika.

1. Safisha sehemu ndogo, ikauke.
2. Kwa wembe mpya, chora mistari sita inayoachana milimita 2 hadi 3, kisha mingine sita inayoikata, upate visanduku vidogo. Kata rangi tu, usizamishe wembe.
3. Bandika tepu yenye gundi kali, isugue kwa kidole, halafu ivute kwa mkupuo mmoja.
4. Tazama tepu. Ikitoka tupu, rangi imeshika. Visanduku vikitoka nayo, rangi hiyo haifai kubeba nyingine.

Rudia sehemu tatu au nne, hasa juu panapopigwa na jua na chini panaporukiwa na tope.

Kisha loweka kitambaa cheupe kwa thina kidogo, kisugue mara chache juu ya rangi. Rangi ikiyeyuka na kukipaka kitambaa, ujue ni rangi isiyo na hadina. Rangi mpya ikimwagwa juu yake, inaweza kuikunja.

Rangi ikifaulu vipimo vyote viwili, ipige msasa namba 320 hadi ife mng'ao, safisha, endelea na upakaji. Itoe yote endapo inabanduka, ina nyufa zinazoenea, inayeyuka kwa thina, au tabaka zimekuwa nyingi mpaka kingo na mistari ya kipande imefifia.

JIKINGE KABLA YA KUANZA

Vumbi la faiba lina vipande vidogo vya kioo. Huwasha ngozi na macho, na likivutwa hukwaruza njia ya hewa. Vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii lolote kati ya hayo.

- Barakoa ya vumbi ya kiwango cha N95 au P2, au ya mpira yenye vichujio. Ikae barabara usoni.
- Miwani iliyofunga pande zote.
- Nguo za mikono mirefu, na tepu kwenye vifundo vya mikono.
- Glavu. Za mpira kwa kemikali, za kazi kwa msasa.
- Mahali penye hewa, mbali na watoto, chakula, kisima na nguo zilizoanikwa.
- Usipulize vumbi kwa kompresa. Nyunyizia sakafu maji kidogo, zoa, funga kwenye mfuko.
- Ukimaliza, oga maji ya baridi kwanza bila kujisugua, ndipo utumie sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

VIFAA

- Sabuni ya maji, ndoo mbili, vitambaa safi visivyotoa manyoya
- Dawa ya kuondoa mafuta na nta, ile wanayotumia mafundi rangi kabla ya kupaka
- Msasa namba 120, 180, 240 na 320
- Kibao cha msasa: kigumu kwa sehemu bapa, cha sponji kwa sehemu zenye mbinuko
- Mashine ya msasa ya kutetema na kuzunguka, ukiwa nayo
- Wembe mpana wenye mpini wa kukwangulia, na kikwanguo cha plastiki
- Tepu ya karatasi
- Kopo dogo la rangi nyeusi ya kupuliza
- Taa ya mkononi

Kumbuka: namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi.

HATUA KWA HATUA

1. Fungua kila kinachofunguka. Toa taa, vitasa, vioo, raba na vibao. Rangi hujificha chini yake, na ndiko inakoanzia kubanduka tena. Laza kipande juu ya godoro kuukuu au magunia yaliyokunjwa, kiegemee kila upande. Kanopi iliyoning'inizwa kwenye ncha mbili huanza kupinda polepole.

2. Osha kabla ya msasa. Anza na sabuni na maji, suuza, kausha. Kisha pitisha dawa ya kuondoa mafuta: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka. Ukianza na msasa, nta na silikoni ya kung'arishia inasukumwa ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya itakwepa sehemu hizo na kuacha vijicho.

3. Fungua dirisha. Hii ndiyo hatua inayookoa kazi nzima, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua mahali bapa, pana kama kiganja. Kwa mkono na msasa namba 180, sugua kwa duara, katikati pakizama zaidi kuliko pembeni. Futa vumbi, ulete taa. Utaona mikanda iliyozungukana: klia nje kabisa, halafu rangi ya sasa, praima ya kijivu, pengine rangi ya mwenye gari wa kwanza, praima yake, na katikati kabisa gelkoti. Gelkoti ni ya rangi moja tu, mara nyingi nyeupe, kijivu au nyeusi, na ni ngumu: utahisi msasa umeanza kuteleza. Piga picha kwa simu. Hiyo ndiyo ramani yako. Ukiona mahali pa kimanjano au kijani hafifu panapopenyeza mwanga, penye vinyuzi, umeshaipita gelkoti.

4. Kinga kingo. Bandika tepu ya karatasi mara mbili juu ya kila ukingo na kila mstari uliosimama. Hapo gelkoti huwa nyembamba zaidi, na msasa hubonyea kwa nguvu zaidi. Kingo zitafanywa mwisho, kwa mkono.

5. Jaribu wembe kwanza. Rangi inayobanduka haihitaji msasa mwingi. Wamiliki wa Chevrolet Corvette za zamani, gari la Kimarekani lililoanza kuundwa kwa bodi ya faiba mwaka 1953, wameitumia sana njia hii. Kata au sugua pembe mbili za wembe ziwe butu ili zisichore. Ulaze wembe karibu ugusane na kipande, usukume taratibu chini ya rangi. Rangi iliyochoka itatoka kwa vipande virefu na kuiacha gelkoti au praima ya kwanza ikiwa salama. Wembe ukikwama, usiulazimishe: hapo rangi imeshika, na kazi ni ya msasa. Ukiona kigae cha gelkoti kimeruka, acha wembe sehemu hiyo.

6. Punguza kwa msasa. Anza na namba 180. Namba 120 ni kwa rangi nene tu, nayo iachwe mara tu unapoiona praima ya chini kabisa. Mashine iende kwa mwendo wa chini, imelala bapa, isisimame mahali pamoja hata kidogo, na usiikandamize. Fanya eneo dogo, futa, linganisha na picha. Badilisha msasa mara tu unapozibika. Msasa uliochoka hutoa joto na kukufanya ubonyeze.

7. Ishia mahali sahihi. Praima ya chini ikiwa imeshika vizuri, iache. Huna sababu ya kuifuata gelkoti kila mahali. Uso wenye mabaka ya praima na mabaka ya gelkoti ni uso mzuri kabisa wa kupakia, mradi yote yameshika na kingo zake zimelainishwa hadi kidole kisihisi ngazi.

8. Malizia kingo kwa mkono. Toa tepu. Tumia namba 240 na kibao cha sponji, msasa ufuate mstari badala ya kuukata.

9. Tafuta mabonde. Puliza rangi nyeusi kutoka mbali, iwe ukungu mwepesi tu. Ikikauka, piga msasa 240 kwa kibao kigumu. Palipobaki weusi ni bonde. Palipong'aa mapema ni kilima. Mabonde hujazwa baadaye. Usishushe eneo zima ili kulifikia bonde moja.

10. Tibu majeraha. Ufa wa gelkoti usifunikwe, maana utarudi juu ya rangi. Ufungue kwa pembe ya msasa uwe mfereji mpana wenye kuta za mteremko hadi mwisho wa ufa, kisha ujaze puti ya poliesta au epoksi inayofaa faiba. Ufa unaofika upande wa nyuma unahitaji mkeka na rezini kwa nyuma kwanza. Palipojitokeza nyuzi, paka rezini au praima ya epoksi pazibwe kabla ya puti.

11. Kausha, kisha pima unyevu. Msasa wa maji usitumike kabisa penye nyuzi zilizo wazi. Hata ukitumia msasa mkavu, Mombasa, Tanga au Zanzibar wakati wa masika hewa pekee inatosha kulowesha faiba iliyochunwa. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya sehemu iliyochunwa, ziba kingo zote nne kwa tepu, uache usiku kucha, halafu jua la asubuhi lipige. Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, faiba bado ina maji. Iache kivulini penye upepo, upime tena.

12. Msasa wa mwisho na usafi. Pitisha namba 240 au 320, kulingana na maelekezo ya kopo la praima utakayotumia. Futa vumbi, pitisha dawa ya kuondoa mafuta kwa mkono mwepesi, na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu. Paka praima mapema. Faiba iliyochunwa isilale nje.

> UKIAMUA KUTUMIA DAWA
>
> Zipo dawa za kutolea rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya faiba. Maelezo ya kopo lazima yaseme wazi kwamba inafaa faiba au gelkoti. Neno la muuzaji halitoshi.
>
> - Ijaribu mahali palipofichika. Gelkoti ikinata au kulainika kwa ukucha, osha mara moja na uachane nayo.
> - Usiipake penye ufa, puti au nyuzi zilizo wazi.
> - Isikaukie juu ya kipande. Kwangua kwa plastiki ikiwa bado mbichi.
> - Osha kwa namna kopo linavyoelekeza, kisha uache kipande kipumue siku kadhaa kabla ya praima.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kuloweka thina ili kulainisha rangi. Thina ni ya kupitisha na kufuta. Ikilowa kwa muda mrefu hupenya kwenye nyufa na kulainisha uso.
- Kuosha kwa petroli. Huacha mafuta, na cheche moja inatosha kuleta msiba.
- Kupiga msasa kwa vidole. Vidole huchimba mifereji ambayo huonekana klia ikikauka. Tumia kibao.
- Kuruka kutoka namba 120 hadi 320. Mikwaruzo ya 120 hubaki chini na kujitokeza rangi ikishakauka. Pita 180 na 240.
- Kufunika gelkoti iliyotobolewa kwa puti nene. Puti hunyonya maji. Ziba nyuzi kwanza.
- Kudhani barakoa ya vumbi inatosha hadi mwisho. Praima na klia za hadina mara nyingi zina isosayaneti, inayoweza kusababisha pumu. Kuzipuliza kunataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba na mahali maalumu. Kama huna, hatua hiyo mwachie fundi.

UKIMPELEKEA FUNDI

Mafundi wengi ni hodari wa bati na hukutana na faiba mara chache. Uliza mapema, kwa heshima:

1. Fundi, utatoa rangi kwa njia gani? Ukisikia grenda au dawa ya bati, mzuie kabla hajaanza.
2. Utajuaje kwamba umefika kwenye gelkoti?
3. Nyuzi zikijitokeza, utaziziba na nini kabla ya puti?
4. Utaacha ikauke muda gani kabla ya praima?
5. Naomba nije nione kabla hujapaka praima. Inawezekana?

Swali la tano ndilo kubwa. Praima ikishapakwa, kila kosa limefunikwa, na utalijua pale rangi itakapoanza kuvimba. Kubalianeni pia kwamba malipo ya kutoa rangi yanahesabiwa tofauti na ya kupaka, ili asishawishike kuharakisha hatua isiyomlipa.

KAGUA KABLA YA PRAIMA

☐ Hakuna rangi inayobanduka. Kipimo cha tepu kimefaulu kwenye rangi na praima zote zilizobaki.
☐ Hakuna nyuzi zinazoonekana au kuhisika kwa kiganja chenye glavu nyembamba.
☐ Kila ufa umefunguliwa na kujazwa.
☐ Kingo na mistari ya kipande bado imesimama kama ilivyotoka kwenye kalibu.
☐ Nailoni imekaa usiku kucha bila kutoa jasho.
☐ Mikwaruzo yote ni ya namba 240 au 320.
☐ Uso umefutwa mafuta, na hakuna aliyeushika baada ya hapo.
☐ Praima iliyonunuliwa imeandikwa kwamba inafaa faiba, na hadina yake ipo.

Kisanduku kimoja kikibaki wazi, ahirisha kupaka. Siku moja ya kusubiri ni nafuu kuliko kuirudia kazi nzima, na gelkoti iliyokwisha kutolewa hairudi kwa msasa wala kwa rangi.